Nani Analipia Mvuke wa Saa Tisa Usiku? Hesabu ya Kuunganisha Umeme wa Bonde la Ufa

Saa tisa usiku, mahitaji ya umeme ya Kenya nzima hushuka hadi karibu megawati 1,200. Jioni, kati ya saa moja na saa tatu, taa, televisheni, mabirika na viwanda vinapokutana, mahitaji hayo hupanda karibu maradufu. Mwaka 2025 yalivuka megawati 2,300. Hesabu inayozungumziwa katika mhadhara huu imo katikati ya nambari hizo mbili. Usiku wa manane kule Olkaria, Kaunti ya Nakuru, sehemu ya mvuke uliopandishwa kutoka kina cha hadi kilomita tatu hupitishwa kwenye mapipa makubwa ya kupunguza kelele na kuachiliwa hewani bila kuzungusha mtambo wowote. Visima vilishachimbwa, mikopo yake inalipwa, na wafanyakazi wa zamu wako kazini. Kinachokosekana ni mtumiaji.

Mkazi wa Gilgil ambaye tokeni zake zimeisha kabla ya mwezi kuisha ana haki ya kushangaa. Kaunti yake ndiyo yenye visima vya mvuke vya Olkaria na Menengai. Juu ya mashamba ya jirani zake zimepita nyaya za msongo mkubwa. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa Kenya unatokana na mvuke, maji, upepo na jua, vitu visivyonunuliwa kwa dola bandarini. Kwa nini basi bili haishuki kwa kadiri hiyo?

Jibu linalotolewa haraka ni wizi na mikataba mibaya. Mikataba mibaya ipo, na itatajwa. Lakini mhadhara huu unashikilia jambo mahususi zaidi: gharama ya kuuingiza umeme huu kwenye gridi ya taifa haijawahi kuandikwa wazi mahali pamoja, ikiwa na jina la aliyeisababisha na la anayeilipa. Imetawanywa. Sehemu imo katika bei ya uniti, sehemu imejificha chini ya gharama ya mafuta, sehemu ililipwa na Hazina ya Taifa, na sehemu nyingine ilibebwa na familia ambazo hazikuwahi kutumiwa bili.

Bei inayotangazwa siku ya kuzindua mtambo ni bei ya mlangoni mwa mtambo. Upepo wa Ziwa Turkana uliingia mkatabani kwa senti 7.52 za yuro kwa uniti. Umeme wa Ethiopia, ulioanza kuja Novemba 2022, uliingia kwa senti 6.5 za dola. Mfugaji wa Ol Kalou anaijua tofauti iliyopo hapa kwa maziwa yake: bei ya lita pale zizini ni moja, na gharama ya lita hiyo kufika Nakuru mjini kabla haijaharibika, siku ambayo mnunuzi anaihitaji, ni nyingine kabisa.

Mwaka 2015 wanauchumi watatu waliokuwa wakifanya kazi Ujerumani, Lion Hirth, Falko Ueckerdt na Ottmar Edenhofer, waliigawa gharama hiyo mafungu matatu. La kwanza ni la wakati: umeme unakuja saa unapohitajika, au saa watu wamelala? La pili ni la mashaka: utabiri wa upepo wa kesho ukikosea, lazima kuwe na mtambo mwingine uliokaa tayari, na kukaa tayari kunalipiwa. La tatu ni la mahali: upepo hauvumi penye viwanda, kwa hiyo nyaya lazima zivutwe. Bonde la Ufa lina yote matatu. Lina na la nne ambalo vitabu vya Ulaya havilipi uzito unaostahili, nalo ni kuchelewa.

Kuchelewa kwa Kenya kuna historia yake. Mapema mwaka 2017 mitambo 365 ya upepo ya mradi wa Ziwa Turkana, kila mmoja wa kilowati 850, jumla megawati 310, ilikuwa imekamilika karibu na Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit. Haikuwa na mahali pa kupeleka umeme. Laini ya kuutoa huko hadi kituo cha umeme cha Suswa, zaidi ya kilomita 420, ilikuwa jukumu la serikali kupitia shirika lake la KETRACO. Isolux Corsán, kampuni ya Uhispania iliyopewa kazi hiyo, ilifilisika mwaka huohuo wa 2017. Njia ya nyaya nayo ilikuwa imekwama kwa migogoro ya ardhi na fidia. Kampuni za China ziliingia kumalizia kazi, na umeme wa kwanza ukafika Suswa Septemba 2018.

Mkataba, hata hivyo, haukungoja nyaya. Ulisema kwamba mtambo ukiwa tayari na gridi haijawa tayari, umeme ambao ungezalishwa utahesabiwa kana kwamba umezalishwa, na utalipiwa. Basi Kenya ikalipia upepo uliopita juu ya jangwa la Marsabit bila kuwasha taa hata moja. Takriban shilingi bilioni 5.7 zililipwa na serikali, na deni lililobaki likatandazwa kwenye bei ya uniti kwa miaka kadhaa. Benki ya Dunia ilikuwa imejitoa katika mradi huo mwaka 2012 kwa hofu ya jambo linalokaribiana na hili: kwamba mnunuzi angelazimika kulipia umeme asioweza kuutumia.

Sasa aulizwe mhasibu: pesa hizo ziandikwe wapi? Kwenye mijadala ya redio na Bungeni ziliandikwa chini ya upepo, na tangu hapo wako Wakenya wengi wanaoamini kwamba upepo ni ghali. Mhadhara huu unapinga uamuzi huo kwa nguvu zote. Upepo ulivuma kama ilivyotabiriwa. Kilichochelewa ni nyaya, na nyaya zilichelewa kwa sababu ya mkandarasi aliyefilisika na ardhi ambayo haikupatikana kwa wakati. Hiyo ni gharama ya usimamizi wa ujenzi, na ingelikuwa vilevile hata kama kule mwisho wa laini kungekuwa na mtambo wa makaa ya mawe.

Texas ilifanya kinyume. Upepo wake mzuri uko magharibi, watu wake wako mashariki. Bunge la jimbo hilo lilipitisha sheria mwaka 2005 ya kutenga kanda za nishati mbadala. Mwaka 2008 msimamizi wa umeme akaidhinisha mpango wa nyaya. Na kufikia mwanzoni mwa 2014 laini zenye urefu wa karibu kilomita 5,800 zilikuwa zimekamilika, kwa gharama ya takriban dola bilioni 7. Nyaya zilitangulia, mitambo ikafuata. Gharama iligawiwa watumiaji wote wa gridi hiyo, kwa hoja kwamba nyaya ni za wote. Mtu anaweza kuukataa mgao huo, lakini hawezi kusema hakujua unakuja.

Menengai, juu kidogo ya mji wa Nakuru, kinyume cha Turkana kilitokea. Shirika la serikali la jotoardhi, GDC, lilianza kuchimba humo mwaka 2011 na likapata mvuke mwaka huohuo. Kampuni tatu za kibinafsi zilichaguliwa, kila moja ijenge mtambo wa megawati 35. Mtambo wa kwanza, wa Sosian, ulianza kutoa umeme mwaka 2023. Kwa zaidi ya miaka kumi visima vilivyochimbwa kwa fedha za umma na mikopo ya nje vilisubiri mitambo. Fedha iliyolala kisimani ina riba, na riba ya miaka kumi ni gharama ya kuunganisha kama ilivyo nguzo na waya, ingawa hakuna mstari wa bili wenye jina hilo.

Turudi kwenye saa tisa usiku, maana hapo ndipo fungu la wakati linapouma.

Upepo wa Turkana hupita katika pengo lililo kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, na huvuma kwa nguvu zaidi usiku na alfajiri. Mvuke wa Olkaria haujui usiku wala mchana. Kwa hiyo, nchi inapolala, vyanzo viwili vikubwa vya umeme safi hukutana mlangoni, na mlango ni mwembamba. Wanaozuia gridi isiyumbe, katika kituo cha kitaifa cha udhibiti kilichoko Juja Road, Nairobi, huanza na lililo rahisi. Mitambo ya mafuta huzimwa. Mabwawa ya Mto Tana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, hupunguziwa kazi, na hilo ni jambo jema, kwa kuwa maji yanayobaki bwawani usiku ni umeme wa jioni ya kesho. Baada ya hapo, ikiwa bado umeme umezidi, lazima upepo upungue au mvuke upungue.

Hapo uamuzi hutoka kwenye karatasi badala ya fizikia. Sehemu kubwa ya malipo ya mitambo ya mvuke ni ya uwezo: mtambo ukiwa tayari unalipwa, uwe umetumika au haujatumika. Mkataba wa upepo unalipa kwa uniti, pamoja na zile ambazo zingezalishwa kama mtambo haungezuiwa. Kuupunguza wowote kati yao hakumwokolei mteja karibu chochote, kwa sababu mafuta hayapo ya kuokoa. Ndiyo maana mvuke umekuwa ukiachiliwa mara kwa mara, na upepo nao una malalamiko yake ya kuzuiwa.

Kiasi chake kinaweza kuonwa kwa hesabu ndogo. Tuseme megawati 100 za mvuke zimeachiliwa hewani kwa saa sita za usiku mmoja. Hizo ni kilowati-saa, yaani uniti, 600,000. Mteja wa daraja la chini kabisa la bei ni yule asiyezidi uniti 30 kwa mwezi. Usiku huo mmoja umepoteza umeme ambao ungetosha nyumba 20,000 za namna hiyo kwa mwezi mzima.

Wengine huuliza kwa nini visima visifungwe tu usiku na kufunguliwa alfajiri. Kisima cha mvuke hakifanyiwi hivyo. Ndani yake kuna mabomba ya chuma yaliyoshikizwa kwa saruji hadi chini sana. Kikifungwa kinapoa, kikifunguliwa kinapata joto kali tena, na chuma na saruji hutanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti. Ukirudia hayo kila usiku, bomba hupasuka. Madini yaliyoyeyuka kwenye maji ya moto nayo huganda na kuziba njia. Ndiyo sababu wahandisi huona afadhali kuuacha mvuke upite pembeni ya mtambo na kupaa, kuliko kukiumiza kisima kilichogharimu mamilioni ya dola.

Basi ukweli ambao watu wa Nakuru wanapaswa kuusikia, hata kama ni mchungu kwa kaunti inayojivunia mvuke wake, ni kwamba jotoardhi nayo ina gharama ya kuunganishwa. Mazoea ni kuutoza upepo na jua peke yake kwa sababu hubadilikabadilika. Mwaka 2011 Michael Milligan na wenzake wa maabara ya kitaifa ya nishati mbadala ya Marekani waliandika kwamba karibu kila mtambo huutwika mfumo gharama fulani. Mkubwa sana huulazimu mfumo kuweka akiba ya kuziba pengo lake siku ukizimika ghafla. Usioweza kupunguza kasi huwalazimu wengine wapunguze badala yake. Haki ya hesabu ni kuwauliza wote swali lilelile.

Dawa ya usiku kwa kiasi fulani inajulikana. Huko Puna, Hawaii, kampuni ya Ormat, ambayo pia ndiyo mwenye mtambo wa Olkaria III, ilifanya mkataba wa kuuza megawati 16 za jotoardhi zinazopanda na kushuka kwa amri ya msimamizi wa gridi. Iliwezekana kwa sababu mkataba ulilipia utayari wa kunyumbulika. Kenya nayo ilianzisha mwishoni mwa 2017 bei ya nusu kwa wenye viwanda wanaoongeza matumizi usiku, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na mwaka 2023 ikaweka bei maalumu ya kuchaji magari ya umeme. Wasagaji wa unga wa Nakuru, wenye vyumba baridi vya maua Naivasha na pampu za maji za miji yote ya bonde ni wateja wa kawaida kabisa wa umeme wa usiku. KenGen, kampuni ya taifa ya kuzalisha umeme, nayo ina mpango wa betri kubwa. Kila moja ya hatua hizi ina bei, na bei hiyo ipimwe dhidi ya zile uniti 600,000, wala si dhidi ya sifuri.

Fungu la mashaka lilijionyesha Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023. Karibu Kenya nzima iliingia gizani, na sehemu nyingine zikakaa hivyo hadi kesho yake. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikosa taa. Kenya Power, kampuni ya kusambaza umeme, ilisema chanzo kilikuwa kupotea ghafla kwa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana. Wenye mitambo ya upepo wakajibu kwamba mitambo yao ilijitoa kwa sababu msongo kwenye gridi ulikuwa umepanda kupita kiasi. Pande mbili, tukio moja, na mteja aliyeharibikiwa na nyama kwenye friji hakujua amdai nani.

Lililo muhimu kwa mhadhara huu ni ukubwa wa pigo. Megawati 310 zikipotea jioni ya mahitaji ya 2,300 ni kama asilimia 13. Zikipotea saa tisa usiku, mahitaji yakiwa 1,200, ni zaidi ya robo. Gridi ya Kenya hutembea kwa hezi 50, na pengo la robo huiangusha namba hiyo kwa sekunde chache isipokuwa kuna mitambo inayozunguka ikiwa na nguvu ya akiba. Akiba hiyo, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mabwawa ya Tana, ni huduma. Inachosha mitambo, na inatumia uwezo ambao ungeuzwa. Hapa upepo unadaiwa kwa haki, kwa sababu umeme wake wote hupita njia moja. Lakini laini kutoka Ethiopia, kilomita 1,045 za msongo wa kilovolti 500, ilianza kwa kuleta megawati 200, na imeundwa kubeba hadi 2,000. Nayo inaishia Suswa palepale. Upepo, sehemu ya mvuke na umeme wa kununua vyote vimeelekezwa kwenye uwanja mmoja wa transfoma, na uamuzi huo wa kihandisi una gharama ambayo haikutokana na upepo wala na Ethiopia.

Upande wa magharibi wa bonde, hesabu imevaa nguo za mwingine. Kwa miaka mingi umeme wa Olkaria haukuweza kufika Kisumu na Kakamega kwa kiasi cha kutosha, maana laini za kuelekea huko zilikuwa nyembamba. Ili msongo usianguke jioni, mtambo wa Muhoroni ulilazimika kuwashwa, nao huchoma mafuta ya taa. Yaani Naivasha mvuke unapaa bure, na Muhoroni mafuta yaliyonunuliwa kwa dola yanaungua. Laini ya Olkaria, Lessos hadi Kisumu, iliyogharimiwa kwa mkopo wa Japani, ilikusudiwa kuponya hilo. Swali la mhasibu ni hili: yale mafuta ya miaka yote hiyo yaliandikwa wapi? Yaliingia kwenye bili kama gharama ya mafuta, kana kwamba tatizo lilikuwa bei ya mafuta duniani. Tatizo lilikuwa waya uliokosekana.

Ujumbe wa tokeni unaofika kwenye simu unastahili kusomwa polepole mara moja. Kuna namba ya mita, namba ndefu ya tokeni, uniti, kisha pesa iliyolipwa ikiwa imegawanywa: kiasi cha tokeni, na makato mengine. Bei ya msingi ilipangwa na EPRA, mdhibiti wa nishati, Aprili 2023 kwa madaraja: shilingi 12.22 kwa uniti kwa wasiozidi uniti 30, 16.30 kwa wasiozidi 100, na 20.97 kwa walio juu ya hapo. Ndani ya makato mna gharama ya mafuta, marekebisho ya thamani ya shilingi dhidi ya fedha za kigeni, marekebisho ya mfumuko wa bei, ada ya maji, ada ya EPRA, asilimia 5 ya kupeleka umeme mashambani, na VAT ya asilimia 16.

Hakuna mstari wa mvuke ulioachiliwa. Hakuna wa akiba inayozunguka, wala wa laini iliyochelewa. Vyote vimo, lakini vimo ndani ya majina mengine. Mikopo na mikataba ya mitambo inayolipwa kwa yuro au dola humfikia mteja kwenye mstari wa fedha za kigeni, na shilingi ilipodhoofika mwaka 2023 mstari huo ulivimba bila mtambo wowote mpya kujengwa. Kamati ya rais iliyoongozwa na John Ngumi mwaka 2021 ilichunguza mikataba ya kununua umeme, na Januari 2022 bei ikapunguzwa kwa asilimia 15. Ilikuwa nafuu ya kweli, ila ilishughulikia bei ya mlangoni. Hesabu ya kuunganisha iliachwa ilivyokuwa.

Paa za sola zimeleta sura mpya ya mjadala huuhuu. Kanuni za mwaka 2024 zinamruhusu mteja kuingiza kwenye gridi umeme wa paa lake unaozidi, na kuhesabiwa nusu ya uniti alizoingiza. Nusu nyingine ni ya nini? Kwa maneno mengine, gridi inatoza asilimia 50 kwa kuwa betri ya mtu huyo. Huenda kiwango hicho ni cha haki, huenda ni kikubwa mno. Shamba la maua la Naivasha linalotumia sola mchana na kuitegemea gridi jioni linautwika mfumo gharama moja. Nyumba ya Njoro inayoingiza uniti chache adhuhuri, majirani wakizitumia palepale, inaupunguzia mfumo mzigo wa nyaya. Kiwango kimoja hakiwezi kuwa sahihi kwa wote wawili.

Kuna gharama nyingine ambazo zimekataa kuandikwa kwa shilingi. Ili Olkaria IV ijengwe, familia za Wamaasai zilihamishwa mwaka 2014 na kupelekwa makazi mapya yanayoitwa RAPland. Malalamiko yao kuhusu ardhi, barabara na hatimiliki yalifika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, yakachunguzwa, na kuishia kwenye upatanishi. Ukipanda kutoka Naivasha hadi Kinangop utapata mradi wa upepo wa megawati 60.8 uliosimamishwa kabisa baada ya wakazi kuupinga, pamoja na vurugu za mwaka 2015. Fedha za wawekezaji zilipotea, na gridi ikakosa upepo ulio karibu na Nairobi kuliko wa Turkana. Ukiweka Kinangop na Turkana kwenye ukurasa mmoja, unaona kwamba mazungumzo ya ardhi yaliyofanywa vibaya ni miongoni mwa gharama kubwa za kuunganisha katika sehemu hii ya nchi. Yangefanywa mapema na kwa heshima, yangegharimu sehemu ndogo tu ya kilichopotea.

Yote haya si mambo ya kale. Oktoba 2024 KETRACO ilitia saini mkataba wa takriban dola milioni 736, wa miaka 30, na kampuni ya Adani ya India. Miongoni mwa laini zilizomo zilikuwa Gilgil hadi Konza kupitia Thika na Malaa, Rongai hadi Chemosit kupitia Keringet, na Menengai hadi Rumuruti kupitia Ol Kalou. Mahakama Kuu iliusimamisha mwezi huohuo, na tarehe 21 Novemba Rais William Ruto akaufuta. Mjadala wa nchi ulikuwa juu ya nani atajenga. Ulikuwa mjadala wa haki. Lakini laini hizo tatu bado zinahitajika na Gilgil, Rongai na Menengai, na mjenzi yeyote atakayekuja atalipwa na watumiaji wa umeme kwa njia moja au nyingine.

EPRA hupanga upya bei kila baada ya miaka mitatu, na kabla ya hapo hukusanya maoni ya umma. Huo ndio mkutano wa kuuliza mambo yanayojibika kwa namba. Kila usiku wa mwaka uliopita, mvuke kiasi gani uliachiliwa Olkaria, saa kwa saa, na mteja aliulipia kwa mstari upi? Akiba ya kuziba pengo la upepo na la laini ya Ethiopia iligharimu kiasi gani, na ni nani kati yao aliyechangia? Katika mkataba wa laini inayofuata, ya Gilgil au ya Menengai, siku ya kuchelewa italipwa na mkandarasi, na serikali, au na mwenye tokeni? Takwimu za maswali mawili ya kwanza zinapimwa tayari katika vituo vya udhibiti na kwenye mitambo yenyewe. Kinachohitajika ni amri ya kuzichapisha. La tatu linahitaji kifungu kimoja katika mkataba, nacho kiandikwe kabla nguzo ya kwanza haijasimamishwa.